Ina Virusi, Usiguse

Wanaonipita pale mjini, mtaa wa Miembeni, wakaniona nimekaa mbele ya kompyuta na miwani yangu puani, wanadhani kazi yangu ni safi. Huwa nawaambia, anayetaka kazi safi akachimbe vyoo. Choo angalau kila mtu anajua kilichomo. Kompyuta inaletwa imefutwa kwa nje mpaka inang'aa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mwenyewe ameipakata mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa. Ukitoa skrubu ya mwisho na kuinua mfuniko, unatamani kutapika.

Nimekuta mende waliozaliana karibu na feni kwa sababu pale kuna joto, baba, mama na ukoo mzima. Nimekuta kucha za watu kwenye kibodi, zimekatwa na kuachwa zidondoke humo humo. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, nakuta mabawa na miguu imenasa kwenye vumbi lililolowa mafuta, maana mtu anakula huku anachapa, anachapa huku anakula. Muuza nyama mmoja aliniletea kalkuleta yake, ile ya kutumia mwanga wa jua, akilalamika kuwa namba saba haibonyezeki. Ilikuwa imeganda kwa shahamu. Niliifungua kwa kisu, nikasafisha kwa spiriti, na siku ile sikula nyama. Hivi vishikwambi vya sasa navyo visikudanganye kwa wembamba wao. Kioo kimejaa jasho la mashavu na makamasi ya watoto, na ndani betri imevimba. Navaa glavu. Wateja wananicheka wananiita daktari, nami nawaacha wacheke.

Kinyaa ninacho tangu utotoni. Nyumbani walikuwa wakinitania kwamba siwezi kunywa maji kabla ya kuchungulia kikombe, na ni kweli, mpaka leo nachungulia. Lakini uchafu wa mende nimeuzoea, unafutika. Nataka kueleza uchafu mwingine nilioukuta Muleba, ambao sijapata spiriti ya kuufuta.

Chumba changu cha kazi tumepanga wawili. Mwenzangu ni fundi mzuri, hilo simnyimi, ila ana ugonjwa wa kuandika. Kila mashine inayoingia anaibandika plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, na juu yake anaandika kwa kalamu nyekundu ya wino mzito. INAWAKA HAIONGEI. HAINA KUMBUKUMBU. INAKOROMA. Siku moja mama mjane alikuja kuchukua kompyuta aliyoiacha mumewe akaikuta imebandikwa IMEKUFA, akakaa kwenye benchi letu akalia mpaka wauza viatu wa jirani wakaja kuuliza kulikoni. Nilimgombeza mwenzangu siku ile. Akanijibu, "Sasa ulitaka niandike imelala?" Huyo ndiye mwenzangu.

Sasa nimlete shangazi yangu, dada yake baba. Anaishi Muleba, huko milimani, ukiacha lami unapanda kwa miguu katikati ya migomba. Mume wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akastaafu, na katika maisha yake alipenda vitu viwili, kanisa na mashine. Sebule yake ilikuwa na mashine ya kujumlishia ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye mkono wa kuvuta, ambayo watu wa ushirika wa kahawa walikuwa wameitupa nyuma ya ghala. Aliiokota akaitia mafuta ikafanya kazi. Alikuwa na kalkuleta iliyofutika namba zote, yeye akajua kila kitufe kwa kidole. Watoto wake walipomtumia kishikwambi kutoka Dar es Salaam alikigeuza geuza akasema hiki ni cha kujitazamia ndevu, akakirudisha kwenye kasha lake. Alichokipenda kuliko vyote ni kompyuta ya chogo, ile yenye kioo cha kisogo kirefu, na sipiyu yake pana ya kulala chini.

Kwenye kompyuta hiyo aliwachapia watu wa mlima mzima. Barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za komunyo ya kwanza. Zaidi ya yote alichapa historia za marehemu, zile zinazosomwa kabla jeneza halijashushwa. Familia zilikuja zikakaa sebuleni kwake zikamsimulia, yeye akauliza maswali, akapanga, akachapa. Mlevi aliyekuwa akilala mitaroni alimwandika kwamba "alipenda kukaa na watu", na watoto wa mlevi wakamshukuru. Sidhani kama kuna nyumba mlimani pale ambayo haijapata kuzika kwa maneno yake. Hakuwahi kumnyima mtu.

Alifariki katika msimu mbaya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ugonjwa wa virusi ulikuwa umeingia mkoani kwetu, kila mlango una ndoo ya maji yenye dawa, watu hawapeani mikono, na yeye akapata homa kali. Alikufa hospitali kabla vipimo havijarudi. Wakamzika watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, na shangazi akatazama kwa mbali. Baada ya siku chache vipimo vikaja: hakuwa na ule ugonjwa. Ilikuwa malaria, juu yake na presha aliyokuwa nayo miaka yote. Karatasi ikasomwa mbele ya viongozi wa kijiji, watu wakaitikia kwa vichwa. Ila watu walikuwa wameshaona zile nguo nyeupe.

Neno virusi lilitufikia sisi wa Kagera muda mrefu kabla ya kompyuta. Wazazi wetu walilisikia likisemwa juu ya watu. Ana virusi. Likasemwa kwa sauti ya chini nyuma ya migomba, na aliyesemwa alianza kutengewa sahani yake. Wakaja wakubwa wakafundisha, vidonge vikapatikana, watu wakaishi, lakini sauti ile ya chini haijaondoka kwenye neno. Fundi akisema kompyuta ina virusi, huyo amesema jambo la flashi chafu. Mlimani sikio linasikia vingine.

Basi, baada ya mazishi jumuiya ikaanza kuiruka nyumba ya shangazi. Sisi Wakatoliki tunasali kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye nyumba anaandaa chochote kidogo. Zamu ya shangazi ilipofika wakasema njia ya kwake ina tope. Zamu iliyofuata wakasema mama apumzike, bado ana majonzi. Baadaye hawakusema kitu, walipita tu. Yeye alikwenda kwa wenzake kila mara, akaimba, akarudi. Hakuna aliyekuwa amekunywa hata maji nyumbani kwake tangu mwalimu afe. Ndugu tulijua, na tulipokuwa peke yetu tuliwatukana, lakini utamlazimishaje mtu akale kwa mwingine?

Msimu wa senene mwaka jana akanipigia simu, sauti imechangamka nikadhani mtoto wake amepata kazi. "Jumuiya inakuja kwangu Jumamosi," akasema. "Watakula kwangu." Hakusema watasali. Akaniomba nimrudishie kompyuta ya mwalimu, ambayo aliileta kwangu ilipogoma kuwaka. Hana atakachochapa, kibodi yenyewe anaiogopa. "Nataka wakiingia waione pale pale ilipokuwa," akasema. "Waone nyumba ni ile ile."

Nilikuwa nimeshamaliza kuitengeneza. Ndani nilikuta mayai ya mjusi na mjusi mwenyewe amekauka, na kwenye mafaili virusi tele, kila waraka umegeuka alama isiyofunguka. Vilitoka kwenye flashi za wale wale waliokuwa wakija kuchapiwa. Nilivisafisha, nikaokoa historia za marehemu zote, nikapiga windo upya, ile programu ya kuiendesha. Mwenzangu, siku ilipoletwa, alikuwa ameandika plasta yake kama kawaida ili mtu asichomeke flashi humo. Ila plasta ile hakuibandika kwenye mashine. Aliibandika kwenye boksi ililokuja nalo, ubavuni, vipande viwili virefu: INA VIRUSI. Chini yake: USIGUSE.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi ya ofisi moja mjini isiyoweza kungoja, nikamwagiza mwenzangu afunge mzigo auweke kwenye gari la asubuhi la Muleba, mimi nitafuata. Akafunga vizuri sana, kwa kamba ya katani na mafundo ya kupendeza. Aliposikia baadaye kilichotokea aliniuliza, "Lakini si ilikuwa kweli ina virusi?"

Nilitoka nyumbani kwangu Rwamishenye mchana, jua kali, nikashuka gari Muleba na kuanza kupanda mlima nikiwa na soda za wageni begani. Nilipokaribia kibanja cha shangazi, shamba la migomba lenye nyumba yake, nikaona watu wamesimama njiani, kwenye miti ya kahawa, wamevaa nguo za Jumapili. Akina mama wameshika rozari. Nilidhani wanasubiriana waingie kwa pamoja, nikafurahi. Nikawasalimu. Wakaitikia bila kunitazama machoni.

"Karibuni ndani, mbona mmesimama juani?" nikasema.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti nzuri ya kuanzisha nyimbo, akakohoa. "Tumeona tangazo, mwanangu."

"Tangazo gani?"

Akaelekeza kwa kidevu. Nikatazama mlangoni kwa shangazi. Alikuwa amekwishatoa kompyuta na kuiweka mezani kwake, na boksi tupu, kwa kuwa lilikuwa gumu na zuri, alilifanya meza ya kunawia. Juu yake aliweka ndoo yenye bomba, sabuni na taulo safi iliyokunjwa. Na ubavu ulioelekea njiani ulikuwa ule wenye plasta. INA VIRUSI. USIGUSE. Maandishi mekundu, ndoo juu yake, na nyuma yake nyumba ya marehemu. Mtu yeyote aliyepitia msimu ule wa ugonjwa angeona kile kile. Boksi halikusema ni nini chenye virusi. Kompyuta huandikwa INA. Nyumba nayo huandikwa INA.

Shangazi hasomi maandishi ya mbali bila miwani, na ya karibu hakuwa na haja ya kuyasoma. Alikuwa ndani, anapanga sahani, anajiuliza kwa nini wageni wamechelewa.

"Hilo ni boksi la kompyuta," nikasema. "Ni virusi vya kompyuta. Nimeitengeneza mimi mwenyewe."

"Eeh, hata mimi nilisema," akajibu mwanamume mmoja aliyewahi kuwa karani. "Kompyuta nazo zina virusi vyake."

"Ulisema lini?" mke wake akamuuliza.

Wakacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Nchi nzima inatutania Wahaya kuwa ni nshomile, watu wa kujisifu tumesoma, na hapo walisimama nshomile kamili, wenye vyeti, wenye watoto vyuo vikuu, wenye simu za vioo vikubwa mikononi. Kila mmoja wao anajua virusi vya kompyuta ni nini. Mmoja wao alikuwa amevileta yeye mwenyewe kwa flashi yake! Niliwauliza kwa nini hawakupaza sauti wakamuita mwenye nyumba wakamuuliza. Mwenyekiti akaanzisha wimbo, na wakaingia wakiimba ili nisiendelee kuuliza.

Mlangoni niliwatazama mikono. Wa kwanza akafungua bomba kwa kiwiko. Wa pili akaona, naye akafungua kwa kiwiko. Taulo haikuguswa, wote walikung'uta mikono hewani. Mimi ninayevaa glavu kushika kibodi za watu, mimi wa kuchungulia vikombe, nilisimama pale nikashikwa na kinyaa, na hakikuwa cha mende wala cha mjusi.

Ndani shangazi alikuwa ametandika nyasi mpya sakafuni, za kijani, zinanukia. Kompyuta ipo pembeni na kitambaa chake cheupe, mashine ya kujumlishia kando yake. "Karibuni waitu, karibuni ndugu zetu," alikuwa akisema, na anatabasamu mpaka nikashindwa kumtazama. Walisali vizuri. Walimwombea mwalimu kwa maneno matamu, mwenyekiti akalia machozi ya kweli, nayaamini. Yule karani akasimama akasema mlima huu umepoteza kalamu yake. Nikaona shangazi amefumba macho, midomo inatikisika, nikafikiri labda nimewahukumu haraka.

Ndipo chakula kikaletwa. Ebitoke, ndizi za kupika za kwetu, vilivyolainika vizuri kwenye maharage, samaki wa Kemondo, na sinia la senene wa kukaanga, wekundu, wakavu, chumvi kidogo. Yule karani akasema ana dawa anameza hawezi kuchanganya. Mke wake akasema amefunga. Mwingine alikuwa ametoka kula sasa hivi, tumbo limejaa. Mwenyekiti akasema daktari amemkataza mafuta, na senene wana mafuta, mama, si unajua. Mhaya amekataa senene! Nimeishi mpaka kuona Mhaya anasukumiwa senene na anageuza uso pembeni. Soda walizipokea, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa na nilizileta mimi. Waliomba zifunguliwe mbele yao.

Shangazi hakubembeleza. Alichukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni hakatai, hata mgeni adui. Akapita kwa kila mmoja akipiga goti kidogo. Kila mmoja akachukua punje, akashukuru, akafumba kiganja. Nilikaa nikisubiri kuona taya hata moja likitafuna. Wakazungumza habari za mvua na bei ya ndizi, viganja vimefumbwa. Kisha wakaaga kwa heshima zote, wakisifu nyasi, wakisifu sala, wakisema mama umetupokea, Mungu akubariki.

Walipoondoka nilianza kukusanya chupa. Kwenye nyasi, mbele ya kila kiti, punje za kahawa zilikuwa zimelala. Wengine walizisukuma kwa kisigino zikazama chini. Nilichuchumaa nikaziokota moja moja haraka haraka kabla shangazi hajatoka jikoni, nikazijaza kwenye mfuko wa sketi. Niliposimama alikuwa mlangoni ananitazama.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Nimetandika nyasi hizi miaka yote. Punje ikianguka naisikia."

Hapo nikapandwa na hasira niliyokuwa nimeibana mchana kutwa. Nilisema mambo ya kanisa ambayo sitayarudia hapa. Nilimlaani mwenzangu na kalamu yake, nikamweleza alichoandika kwenye boksi. Nilisema nitamletea kila mmoja historia ya mzazi wake niliyoiokoa kwenye mashine ile, nimwekee mezani aisome mbele yangu, nione kama atasema imechapwa katika nyumba yenye nini. Shangazi alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akaniambia niende nikanawe, tule, chakula kinapoa.

Nikatoka nje. Ndoo ile ipo, boksi lile lipo, maandishi yanatazama njiani. Niliishusha ndoo chini, nikatoa kisu changu cha kazi mfukoni, nikachokonoa pembe ya plasta. Ilikuwa imeanza kunyanyuka aliponishika mkono.

"Iache."

"Shangazi, takataka hii ndiyo iliyokuharibia siku."

"Iache hapo hapo," akasema, na akailainisha ile pembe kwa kidole gumba mpaka ikashika tena. "Wakiulizwa kwa nini hawakula kwangu, watasema ni boksi. Hata mimi nitasema ni boksi. Ukiibandua, mwanangu, watasema ni nini?"

Nikainyanyua ndoo nikairudisha juu yake, maji yakanimwagikia miguuni, na tukaingia ndani tukale.